Kitabu Nilisoma na Masikio

Nianze na aibu yenyewe, kusudi usiseme muzee amekuzungusha bure: mimi ndiye ule mwanaume wa Bagira alisimama mbele ya parokia muzima, amevaa abacost, ile koti ya wakubwa, ya kuazima, akatukana mwanaume mumoja kwa nguvu yake yote, akamuita mbwa, akamuita jiwe, watu wanamusikiliza na wanalia, kumbe mwanaume ule ni yeye mwenyewe, na hakujua. Kama wangenicheka tu, ningesema asante, juu kicheko inapita. Lakini siku ile nilienda mu salle, chumba kubwa ya parokia, na bibi yangu, nikarudi peke yangu.

Watu wananiita Papa Byamungu. Ushike ile jina, iko na kazi yake mbele.

Masomo yangu ni kidogo sana. Nilianza masomo kule karibu na kijiji ya Miti, mwalimu akanipiga juu ya kuandika na mukono wa kushoto, baba akasema basi, kama ni kupigwa, hata ng'ombe wanaweza kukupiga bure, akanipeleka kuchunga (na ng'ombe wetu mumoja alikuwa na pembe imevunjika, mubaya kupita mwalimu, lakini tuache). Bibi yangu, M'Bisimwa, yeye alisoma kwa masista, Kifaransa ilikuwa inatoka mu kinywa yake kama maji ya bomba. Namna gani mwanamuke kama ule alikubali mutu kama mimi, uliza Mungu. Nilikuwaka na sauti nzuri ya kuimba, labda ni ile.

Wakati wa Zaïre, wanaume wengi tulikuwa tunapanda kule Luhwindja kuchimba zahabu. Mimi nilienda, nikarudi, nikaenda tena, unasema ni juma mbili, unamaliza musimu muzima ndani ya tope. Nikachoka, nikarudi Bagira, nikapata kazi ya kupiga randa kwa menuisier mumoja. Lakini wakwe zangu hawakuamini. Siku moja shemeji yangu Murhula alishuka kutoka Miti, akaketi, akakunywa chai, akasema polepole:

— Shemeji, baba muzee amenituma. Anasema dada yetu amekonda. Anasema ukipanda tena kule Luhwindja, tunakuja kumuchukua, na ng'ombe zako za mahari tutakurudishia.

— Nimemaliza na zahabu, shemeji! Sasa niko mutu wa muji.

— Mutu wa muji, eh? Akaangalia miguu yangu. Tutaona.

Sasa, parokia ilikuwa na biblioteki, chumba kidogo nyuma ya sakristia, na Père, padiri mumoja muzee, alikuwa anaichunga. Kila mwaka, kiangazi ikifika, alikuwa anafanya concours, mashindano ya kusoma. Unakamata carte, na mu mwezi moja unasoma vitabu vya namna mbalimbali, hapana namna moja tu: maisha ya mutakatifu moja, kitabu ya kulima ao kufuga, kitabu ya mwili na magonjwa, na roman moja, ni kusema hadizi murefu ya kutungwa. Ukimaliza kimoja, Père anakuuliza kidogo, anapiga cachet, muhuri, ku carte yako. Na siku ya Mungu ya mwisho ya mwezi ile unasimama mu salle, unachagua kimoja, unakieleza mu Kiswahili, juu ya wale hawajui kusoma. Ndiyo ilikuwa desturi: kitabu haiishi mpaka umeigawa. Mutu wa kwanza alikuwa anapewa lampe ya petroli, nzuri, ya kupampu.

Père akaitangaza misa ikiisha. Na Murhula alikuwa pale nyuma yangu, alikuja kusali Bagira siku ile (mimi nasema alikuja kunichunga). Nikajiona nimeinua mukono. Père akavaa miwani, akaniita namna ya Zaïre:

— Citoyen, unajua kusoma?

Ningesema hapana, tungeenda nyumbani kula. Lakini nikasikia Murhula anapumua mu shingo yangu, nikasema:

— Sana, Père. Ni kwamba tu muda inakosaka.

Ndiyo hapo. Neno moja ya bure, ndiyo ilinimaliza.

M'Bisimwa alicheka kwanza, mpaka akashika tumbo. Kisha akaona uso yangu, akaacha. Akasema, leta hivyo vitabu. Basi tukaanza. Jioni nikitoka kwa menuisier, anaketi ku mulango, sahani ya maharagi ya kuambua iko ku magoti, kitabu iko ku kiti kidogo mbele yake, anasoma mu Kifaransa kimya, halafu ananiambia mu Kiswahili, na pahali Kiswahili inakosa anaweka Mashi, luga ya kwetu. Mimi nasikiliza. Mutakatifu nililia, sisemi uongo. Kitabu ya kufuga sungura nilishika yote, mpaka leo naweza kukuambia namna ya kujenga kibanda yao. Kitabu ya magonjwa, tulipofika ku minyoo, nilikataa sombe, majani ya muhogo (bibi akakasirika, juu alitwanga yeye). Kila mara naenda kwa Père, ananiuliza, najibu, anapiga cachet, pa! Nikaanza kutembea mu Bagira kama mutu ameandika hivyo vitabu. Nilinunua kalamu, nikaiweka mu mufuko wa shati.

Ikabaki roman. Ilikuwa kubwa, juu yake wamechora mashua na mutu anaangalia mbali. M'Bisimwa akasoma siku ya kwanza, siku ya pili, mambo ya capitaine sijui nani, upepo, kamba, mimi nikasinzia. Naye aliona nasinzia. Basi siku moja sauti yake ikabadilika, ikashuka, nikaamuka.

— Kulikuwa mwanamuke mumoja, akasema. Bwana yake alienda kutafuta mali mbali.

— Capitaine?

— Acha capitaine. Sikiliza.

Nikasikiliza. Mwanamuke ule alikuwa na mutoto, mutoto akapata homa. Akatuma habari kwa bwana, habari ikaenda, bwana hakukuja. Mutoto akakufa wakati wa mvua. Hakukuwa mwanaume mu nyumba, wanawake wa jirani wakakamata majembe, wakachimba wao wenyewe, maji inaingia mu shimo, wanaitosha inje na sufuria, inaingia tena. Akamuzika hivyo. Na kwao alitumia habari kwamba bwana alifika kwa wakati, kusudi wasimuchukie bwana ule.

M'Bisimwa alikuwa anasema ile yote na macho ku kitabu. Maharagi ilikuwa imesimama mu mikono yake. Na mimi (Mungu wangu) nikapiga goti na mukono, nikasema:

— Lakini mwanaume yule ni mbwa!

Akainua macho.

— Kweli?

— Mbwa kabisa! Mimi ningekuwa baba ya ule mwanamuke, ningeenda kumukamata, nimurudishe nyumbani!

Aliniangalia muda murefu. Niliona anangoja kitu, nikafikiri anangoja nilete kuni. Nikaenda kuleta kuni. Niliporudi akanimalizia hadizi kwa maneno machache, akafunga kitabu. Imeisha, akasema. Na usiku ile hakukula.

Kwa Père nilijibu tu mambo ya capitaine na upepo, yale kidogo nilisikia mbele ya kusinzia, akapiga cachet ya mwisho.

Sasa siku ya salle. Mimi nilikuwa nimetayarisha mutakatifu. Abacost niliazima kwa jirani mwembamba, ilikuwa inanikata mu kwapa, nikiinua mukono inalia. Ku benchi ya mbele aliketi baba mukwe, muzee Bisimwa, na fimbo yake, ametoka Miti juu yangu, Murhula pembeni. M'Bisimwa aliketi na wamaman wa avenue yetu, majirani. Nikasema ndani ya moyo: leo hii inaisha, leo watamuacha bibi yangu kwa amani.

Mutu wa mbele yangu alikuwa mwalimu. Akasimama, akaeleza nini? Mutakatifu wangu! Ule ule, mpaka miujiza. Nikaketi pale jasho inanishuka. Nifanye nini, nieleze sungura mbele ya mukwe? Nikaitwa. Nikasimama, nikasema:

— Mimi nitaeleza roman.

Niliona M'Bisimwa anatikisa kichwa. Hapana, hapana. Nikafikiri ananihurumia juu ya abacost.

Nikaanza. Na kueleza najua, ile hakuna mutu ataninyanganya. Nikawapa mvua, nikawapa sufuria ya kutosha maji mu shimo, nikapiga magoti nikaonyesha namna wanachimba. Wamaman wa avenue yetu wakaanza kushika vinywa, mumoja akasema, «Yesu wangu», nikafikiri ni utamu ya hadizi, nikaongeza. Nikatukana ule mwanaume. Nikasema ni jiwe, ni mbwa, nikageukia muzee Bisimwa mwenyewe, nikamuonyesha na kidole (abacost ikapasuka mu kwapa, trrr, hakuna mutu alicheka):

— Muzee, na wewe, kama ni binti yako, si ungemukamata umurudishe?

Muzee akasema:

— Ningemurudisha.

— Mumesikia! Basi, musimu ikapita, ule mwanaume akarudi. Amebeba radio. Amefunga radio mu kikwembe ya manjano...

Na hapo niliona ile kikwembe. Si mu kitabu. Niliiona mu salle, M'Bisimwa alikuwa ameivaa, imechakaa, ile nilimuletea mimi kutoka Luhwindja, na ndani yake mulikuwa radio. Nikatafuta pa kutokea mu maneno, hakuna.

Bibi mumoja muzee, haoni vizuri, akaita kutoka nyuma:

— Akafika, akasema nini, Papa Byamungu?

Papa Byamungu. Ni jina ya mutoto wetu wa kwanza. Wadada zake walikuja nyuma, lakini jina haikutoka kwangu, mutaa muzima unaniita na jina ya mutoto sikumuzika.

Kinywa ikajibu yenyewe, pole, kama ya mutu mwingine:

— Akauliza piles iko wapi.

Juu ndiyo niliuliza. Niliingia mu nyumba, nikatafuta piles, betri za radio.

Père akasimama, naye hakuelewa kitu, masikini.

— Citoyen, kitabu ile nimeisoma mara nyingi. Ni capitaine anatafuta ndugu yake. Hakuna mwanamuke anachimba kaburi. Umeisoma kweli? Hebu tusomee hata mustari moja.

Akanipa kitabu. Nikafungua. Herufi zilikuwa kama mutama wamemwaga chini. Vijana wa nyuma wakaanza:

— Hajui! Papa wa kalamu hajui!

— Soma, shemeji, Murhula akasema. Mutu wa muji, soma.

M'Bisimwa akasimama.

— Père, umuache. Ni mimi nilikuwa ninamusomea. Ile hadizi haiko mu kitabu.

— Sasa iko wapi, maman?

Muzee Bisimwa ndiye alisema, na hakumuangalia Père, aliangalia wamaman wa avenue.

— Mujukuu wangu Byamungu, nani alimuzika?

Wamaman wakainamisha vichwa. Mumoja, ule wa «Yesu wangu», akasema:

— Ni sisi, muzee.

Muzee akasimama, ameegemea fimbo yake. Nilifikiri atanipiga, na nilitaka anipige. Alisema tu:

— Umenihukumia vizuri. Wewe mwenyewe umesema. Binti yangu, twende.

M'Bisimwa akaenda. Wakapita mbele yangu, yeye na wasichana wetu na Murhula, na kikwembe ile ya manjano, na mimi nimesimama na kitabu wazi mu mukono kama padiri amesahau misa.

Nilipeleka kasiksi, pombe ya ndizi, kule Miti, kama desturi inataka, na muzee mumoja wa kunisemea. Walipokea mutungi, wakauweka pembeni, hakuna mutu aliukunywa. Mara ingine vilevile. Mwisho M'Bisimwa mwenyewe akatoka ku mulango.

— Usilete tena pombe. Siku utaweza kunisomea wewe, kuja.

Basi nikaingia mu masomo ya jioni, ile ya wamaman, mwanaume ni mimi tu, magoti inagonga meza, wamaman wananicheka: «Papa, b na a inafanya nini?» Inafanya jasho, maman. Nikasoma mpaka kiangazi ingine ikafika. Père akaniazima tena kitabu ya mashua, nikaipeleka Miti, nikaketi mu uwanja wao, nikasoma ukurasa wa kwanza na kidole, Kifaransa ya kuokota-okota, muzee Bisimwa akasinzia kama mimi zamani. M'Bisimwa alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema ni vizuri. Aliingia, akafunga vitu vyake.

Alirudi, ndiyo. Lakini tangu pale hakunisomea tena. Anasoma na midomo imefunga, maharagi ku magoti, na mimi ninamuangalia uso, natafuta kujua ni hadizi gani. Nikimuuliza kitabu inasema nini, anasema, «Inasema tu.»

Ile roman niliimaliza, ilinikamata miaka. Capitaine anamupata ndugu yake. Nilisoma ukurasa kwa ukurasa, nikimutafuta ule mwanamuke na sufuria yake, labda Père alikosea, labda yuko pahali. Hayuko. Ule alikuwa mu sauti tu, jioni ile, na mimi nilienda kuleta kuni.

Concours wanaitangaza kila mwaka, watu wananigonga ku bega: Papa Byamungu, andika jina! Siandiki. Nimeapa sitasimama tena mbele ya watu na kitabu ya mwingine. Na jioni, hata kuni ikiisha, siinuki. Ninakaa pale ku mulango, labda sauti yake itabadilika tena.