Midomo ya Ignas Kwenye Simu

Hebu mwone Anisia anavyoshuka kwenye basi pale Ushirombo, jua la mchana, kanga mabegani, macho yamevimba kwa kulia tangu Kahama. Abiria wa pembeni alimpa pole, ila hakuiona. Alikuwa ameelekea dirishani.

Anisia ni fundi cherehani wa Nyasubi, mjini Kahama. Homa ya uti wa mgongo ilimchukulia masikio akiwa darasa la pili, na lugha ya alama hakuna aliyemfundisha. Yeye husoma midomo. Baba yake, mzee Donatus, alinyoa masharubu aliyokuwa akiyaringia ili mtoto aone vizuri, wala hakuyafuga tena. Simu ya video ilipokuja ikawa ahueni: anaiegemeza kwenye cherehani, mtu anaongea, naye anajibu kwa sauti yake ile nzito.

Lakini midomo ina hila zake. Simama mbele ya kioo, sema "mama", halafu "baba", bila kutoa sauti. Umeona tofauti? Nyumbani mama yao walimwita "mayu", Kisukuma, basi taabu haikuwapo. Ila kaka yake Ignas, tangu aingie machimboni Geita, amekuwa mtu wa Kiswahili kitupu: mama huku, mama kule.

Asubuhi ile Ignas alipiga video kutoka nyumbani kwao Ushirombo, uso umelowa.

"Baba ametutoka, Anisia. Njoo."

Picha ikaganda, mtandao ukakata. Na aliyekuwa mgonjwa wa siku nyingi ni mama yao. Anisia angeuliza nini tena?

Sasa anaingia uani. Turubai limefungwa, watu wamekaa chini, na mlangoni, juu ya mkeka, ameegemea mto, mama yake. Mzima!

"Mayu!" Anisia alimrukia, akacheka, akapiga na kigelegele.

Shangazi Salome akamvuta kanga. "We mtoto, umerogwa? Unashangilia kifo cha baba yako?"

Anisia akaona "mama" tena. "Si huyu hapa, shangazi? Nani kawadanganya?"

Mama akamshika kidevu, akamgeuzia uso wake, akasema polepole, "Mume wangu. Donatus."

Kesho yake makaburini machozi hayakutoka. Aliyamaliza yote kwenye basi, akimlilia aliye hai. Wanawake wakatazamana. "Mkavu kama gogo," aliisoma midomo ya mmoja wao. Ignas alishindwa hata kumtazama.

Waliporudi, mama alimwita akae karibu yake mkekani, shangazi Salome akiwa papo hapo, ametega sikio.

"Mwanangu, uliponiona pale mlangoni, ulifurahi?"

Safari hii Anisia alikuwa ameona kila neno, bila shaka yoyote. Ungekuwa wewe, ungemjibuje?