Damu ya Mwanangu Niliiweka kwa Friji ya Maziwa

Msinipe pole. Nasoma maungamo ya wengine kwenye ukurasa huu, naona vile mnavyogawa pole kama pipi, na mimi sizitaki. Niliharibu damu ambayo mwanangu alikuwa anaingoja kitandani, kisha nikamsingizia mtu niliyejua kabisa hawezi kufungua mdomo kunijibu.

Mimi ni mama wa maziwa hapa Kitengela. Nina duka, nina friji kubwa, nina gari, na nina mdomo. Ukiugua nakutajia dawa kabla hujasema ni wapi panauma. Ukijenga nakuonyesha ulipokosea. Mtu wa aina hiyo mnamjua. Kila mtaa uko naye, na kila mtaa umechoka naye.

Nina binti mmoja tu. Nitamwita Shiru, ingawa si jina lake. Anafundisha shule ya msingi huko Kajiado, na aliolewa na kijana wa Kikamba anayechonga mawe kwenye machimbo ya huku kwetu. Huyo tumwite Mutua. Sikumtaka. Nilikuwa nimejipangia mkwe wa ofisi, wa tai na viatu vya kung'aa, nikaletewa mtu wa vumbi mpaka kwenye kope. Nilimpa jina, fundi wa kokoto. Dada zangu walikuwa wakicheka, nami nikiona wanacheka naongeza chumvi.

Basi Shiru akaugua. Alianza kutoka damu kwenye ufizi, kisha vidoadoa vyekundu vikajaa miguuni. Akalazwa huko huko Kajiado. Daktari akatuambia uboho wa mifupa yake umeshindwa kutengeneza damu inavyofaa, na kilichopungua zaidi ni plateleti, ile sehemu ya damu inayoziba mtu anapovuja. Bila hizo anaweza kuvuja ndani kwa ndani, hata kichwani. Zingetolewa Nairobi, kwa mtu ambaye damu yake inaingiana na ya mgonjwa, kisha ziletwe haraka.

Tukapimwa. Yangu ilikataa. Ya mjomba wake ilikataa, na wengine wa ukoo wetu mtukufu walipata shughuli za ghafla. Iliyokubali ni ya fundi wa kokoto.

Nikampeleka Nairobi na gari langu. Alikaa kiti cha nyuma, kwa sababu kwao na kwetu mkwe hakai bega kwa bega na mama mkwe, wala habishani naye, wala hamgusi. Kule wakamketisha, sindano kwenye mkono, mashine ikawa inavuta damu, inachuja plateleti na kumrudishia iliyobaki. Mimi nimekaa kando nalalamika kwamba inachukua muda, utadhani ni mimi niliyedungwa.

Mfuko ulipotoka ulikuwa wa manjano kama supu ya kuku. Nikauliza kama wana uhakika hiyo ni damu. Muuguzi alikuwa na subira kuliko nilivyostahili.

"Mama, hii si kama ile nyekundu. Hii isiingie kwa friji na isikae na barafu. Ikae tu na joto ya kawaida, muwe mnaitikisa polepole, na muende straight hadi hospitali."

Alitwambia sote wawili, lakini boksi alimpa Mutua. Hilo lilinichoma.

Njiani jua lilikuwa kali, na tulipokaribia Kitengela magari yakasimama kama kawaida yake. Nikitazama kwenye kioo namwona Mutua ameweka boksi magotini, analibembeleza kama mtoto mchanga, midomo inacheza kama anayeomba. Badala ya kushukuru nikapandwa na hasira. Ni mimi ninayejua joto linafanyia nini kitu cha kuharibika. Huyu anajua nini zaidi ya nyundo?

Nikakata kona hadi dukani kwangu.

"Leta hiyo boksi."

"Mama, wamesema isiguse baridi."

"Wewe udaktari ulisomea wapi? Kwa mawe?"

"Hata mimi sijui ni kwa nini, Mama. Lakini wamesema. Tafadhali."

Nikalivuta boksi kutoka magotini mwake. Hakuninyang'anya. Angeninyang'anya vipi, na hata mkono wangu haruhusiwi kuugusa? Nikautoa ule mfuko kwa boksi na kuulaza kwenye friji katikati ya maziwa. Nikamwambia aende nyumbani apumzike, nitaupeleka mwenyewe. Msidhani ilikuwa huruma. Nilitaka Shiru anione mimi nikiingia wodini na mfuko, si yeye.

Halafu nikaanza kugombana na mtu aliyeniletea maziwa yaliyotiwa maji. Nilimgombeza nikasahau saa. Nilipoutoa mfuko ulikuwa baridi mpaka unauma vidole. Nikaufunga kwa leso nikaendesha hadi Kajiado, najisikia shujaa.

Fundi wa maabara aliupapasa, akaunyanyua dirishani kwenye mwanga, akauinamisha huku na huku.

"Zikiwa sawa, ukiinua hivi unaziona zinazunguka kama moshi," akasema. "Hizi zimelala tu. Mama, hii kitu iliingia friji?"

Hapo ndipo pa kusema ndiyo. Aibu ingekuwa ya siku chache, halafu watu wangepata mwingine wa kumsema. Nikasema, "Muulize mkwe wangu. Ni yeye alipewa."

Alikataa Shiru awekewe. Alieleza kwamba zikishapoa hivyo mwili huziondoa haraka, na hangeziamini kwa mgonjwa anayevuja. Wakaanza kupiga simu kutafuta mfuko mwingine. Mimi nikawa napaza sauti kwamba wanataka kumuua mwanangu kwa sababu ya baridi kidogo tu.

Mfuko mwingine ulifika kesho yake jioni. Lakini mchana wa siku hiyo, kabla haujafika, nikiwa nimeketi kando ya kitanda, Shiru alikuwa amenishika mkono.

"Mum, mbona huku upande huu kumekuwa giza?"

Damu ilikuwa imevuja nyuma ya jicho la kushoto. Halijaona tena tangu siku hiyo.

Mutua alipokuja, daktari alimuuliza mbele ya dada zangu kama ni yeye aliyeziweka kwa friji. Alinitazama mara moja, kisha akainamisha kichwa.

"Nisameheni," akasema.

Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Kwao hiyo heshima wanaiita nthoni, kwetu ni thoni, na inamkataza mtu kumuumbua mama mkwe hadharani. Mila zenyewe mimi sikuwahi kuzijali, nilikuwa naziita za washamba. Siku hiyo nikazijali sana. Mimi ambaye sikumheshimu kijana wa watu hata siku moja nilichukua heshima yake nikamnyonga nayo.

Dada zangu walimmaliza kwa maneno. Mimi nilinyamaza, na mnajua sasa kwamba kunyamaza si kawaida yangu. Shiru alipopata nguvu nikamleta akae kwangu. Nilimsikia akimwambia mumewe kwa simu, "Nilikutegemea kwa kitu moja, Mutua. Kitu moja tu." Hata hapo Mutua hakunitaja. Aliacha mawe akaenda Rombo kulima vitunguu kwenye shamba la mjomba wake. Nyumba ya mwanangu nimeivunja mimi, na watu kanisani wananisifu kwa kumtunza mgonjwa.

Shiru bado anaongezewa plateleti. Juzi nilipofika Nairobi kuchukua mfuko, yule muuguzi akaniambia, "Yule kijana wenu wa Rombo alikuwa hapa jana. Tukimpigia anakujanga. Anasema tu mgonjwa asiambiwe." Nikaupeleka mfuko hadi wodini Kajiado. Mfuko ukiwa unaning'inia, Shiru aliutazama kwa jicho lake moja.

"Huyu mtu ananipeanga ni nani, Mum? Si angalau nimwambie asante."

Nikamwambia sijui.

Sasa nyinyi wajuaji wenzangu, nisikilizeni. Ukiambiwa hospitalini usiweke kitu kwa baridi, usiweke. Kama huelewi sababu, uliza, na ukiona aibu kuuliza basi mpe anayebeba bila maringo. Mama wakwe, mkwe akinyamaza mbele yenu msijidanganye kwamba ameshindwa. Na wewe unayesoma ukisema huwezi kuwa mbaya hivi, mimi pia nilikuwa nasema hivyo, nikiwa nimekaa hapa hapa ninasoma mabaya ya wengine.

Jicho la Shiru lililobaki linachoka upesi na maandishi ya simu. Kwa hivyo Jumapili tukitoka kanisani mimi humsomea ukurasa huu, na tunawacheka watu wake mpaka chai inapoa. Hii nayo nitamsomea.

Mwanangu, kama nimefika hapa bila kuruka, mpigie mume wako.