Mtungi Usiochomwa

Pale Ikombe, mwendo wa mtumbwi kutoka Matema, mwanamke alipimwa kwa mambo mawili: chungu chake kisipasuke motoni, na mgongo wake usikae bila mtoto. Kwa hilo la kwanza Tulinagwe hakuwa na mpinzani. Vyungu vyake vilisafiri kwa mitumbwi hadi Mwaya, vikapanda vichwani hadi Kyela, na wanawake wa kule kwenye mpunga walivigonga kwa kidole, wakasikiliza mlio wake, wakajua ni vya nani. Kwa hilo la pili, mwaka huo wa 1953, alikuwa anaumaliza mwaka wa tano wa ndoa na hajabeba kitu mgongoni zaidi ya kuni.

Mumewe, Ambilikile, alikuwa mvuvi, mtu wa mabega mapana na maneno machache. Walifungishwa ndoa kanisani, na kanisa halikutaka kusikia habari za mke wa pili. Lakini Neli, mama yake Ambilikile, alikuwa na namna yake ya kusoma Maandiko. "Ibrahimu alikuwa mtu wa Mungu," alipenda kusema akipepeta mchele, bila kumtazama mtu, "na Hajiri naye alikuwepo." Mwezi wa Julai aliacha mafumbo. Alimwambia Tulinagwe waziwazi kwamba ndugu zake wa Katumba Songwe wana binti, na kwamba mpunga wa mwaka ujao ukivunwa kabla tumbo halijaonekana, yeye atarudi kwao na vyungu vyake. Tulinagwe hakulia mbele yake. Alilia kesho yake akichimba udongo, mahali ambapo mtu akionekana uso umelowa hakuna anayeuliza.

Mizizi alikuwa amekwisha kunywa. Alikunywa ya kuchemsha, ya kuloweka, ya kutafuna kabla ya jua, mpaka mtu angedhani tumboni mwake kunaoteshwa msitu. Safari hii akapanda mtumbwi akaenda zahanati ya misheni, kwa mkunga mmoja aliyeitwa Angetile, mwanamke mfupi wa milimani Tukuyu, aliyekuwa na sifa ya kusema kweli hata pale ambapo hakuombwa.

"Ugonile, mama," Tulinagwe alisalimu.

"Ndaga. Kaa." Angetile alimvuta kope la chini, akalitazama, akaliachia. "Humu hakuna damu. Unakula nini?"

"Ugali. Dagaa wa usipa wakibaki."

"Usipa unawala kwanza, halafu ndiyo wabaki. Na maharage, na mboga za majani, na ndizi mbivu. Mwili wenye njaa haubebi watu wawili. Kwenda Kyela unajitwika vyungu vingapi?"

"Sita. Siku nyingine nane."

"Kuanzia leo viwili. Mizizi acha yote, hata ile uliyoificha. Na mumeo apunguze pombe, kisha aje nimwone."

"Hatakuja, mama."

"Najua hatakuja. Nimesema ili siku ya hukumu nisiulizwe." Akampa vidonge vya kuongeza damu, kisha akamuuliza kama anajua kuandika.

"Najua kufinyanga."

"Basi utaandika kwa ufinyanzi," alisema Angetile. Akamwagiza aweke alama kila siku kwa miezi mitatu: siku ya damu mstari, siku ya kawaida nukta, na siku ambayo mume amelala nyumbani aizungushie duara.

Tulinagwe alifinyanga mtungi mkubwa, akausugua kwa kokoto mpaka ukawa laini, kisha hakuuchoma. Aliuweka kwenye pembe ya chumba isiyovuja, kwa sababu mtungi mbichi ukinyeshewa hurudi kuwa tope. Kila asubuhi aliuchora kwa mwiba. Ambilikile aliuona mwezi wa pili, akauzunguka mara moja, akauliza, "Huu mtungi umepata ndui?" Mkewe akamwambia ni agizo la mkunga. Akaitikia, akaenda zake. Mambo ya mkunga hayakuwa mambo ya mwanamume, na hilo lilimpa raha.

Miezi mitatu ilipotimia, Tulinagwe aliufunga ule mtungi kwa kanga, akaupakata mtumbwini njia nzima. Wanawake waliokuwamo walitazamana. Alijua walichokuwa wanakifikiria, na kilimuuma, lakini hakuuweka chini.

Angetile aliugeuza polepole mbele ya dirisha, akipita na kidole mstari mmoja baada ya mwingine. Kidole kikasimama, kikarudi, kikasimama tena palepale.

"Sikiliza. Ukihesabu tangu damu inapoanza, siku za kushika mimba ni hizi za katikati. Ya kumi na mbili mpaka ya kumi na sita, hapo hapo. Sasa tazama mtungi wako."

Tulinagwe alitazama. Katikati ya kila mwezi palikuwa na nukta tupu. Hapakuwa na duara hata moja.

"Mumeo huenda wapi siku hizi?"

"Si ni giza, mama," Tulinagwe alijibu, akishangaa kuulizwa jambo ambalo kila mtu analijua. "Mwezi haupo angani. Usipa hawafuati karabai mbalamwezi ikiwaka."

Ikabidi amweleze mtu wa milimani. Wavu wa usipa Ambilikile na kaka yake waliachiwa na baba yao, marehemu mkwe wa Tulinagwe, na waliachiwa pamoja na mwiko wake: siku zote kumi za giza wavuvi hulala kwenye banda la nyavu ufukweni, na atakayelala kwa mkewe hagusi wavu mpaka mwezi uandame. Walikuwa Wakristo, walibatizwa wote, lakini hakuna aliyetaka kuujaribu mwiko wa wavu.

"Na wenzako wanazaaje?"

"Sijui, mama. Wanazaa."

"Siku zao zimeangukia kwingine. Zako zinakwenda sambamba na giza, mwezi hadi mwezi." Angetile alimrudishia mtungi wake. "Siwezi kukuahidi mtoto. Mtoto hutoa Mungu. Lakini miaka mitano mnaitwa mmeshindwa, na huenda hamjajaribu hata mara moja."

Tulinagwe alirudi akiwa na hasira ambayo hakujua aipeleke kwa nani. Alikumbuka ile mizizi, hasa ile ya kutafuna.

Alimkuta mumewe bandani, peke yake, akishona wavu. Akauweka mtungi mbele yake, akamweleza yote, nukta kwa nukta. Ambilikile aliendelea kushona mpaka uzi ukaisha.

"Giza ndilo chakula chetu," alisema mwishowe. "Na kaka yangu Mika nitamwambia nini? Kwamba naacha wavu wa baba kwa sababu ya mtungi?"

"Nimekuonyesha," Tulinagwe alisema. "Sitarudia."

Na kweli hakurudia. Giza la Novemba Ambilikile alikwenda ziwani kama kawaida. Yeye akala maharage yake, akameza vidonge vyake, akachora nukta zake. Asiyemjua angedhani amekata tamaa. Aliyemjua angeogopa kidogo.

Desemba, siku giza linaanza, alifika mgeni kutoka Katumba Songwe, shangazi wa yule binti, na kikapu cha mchele na jogoo. Neli alimpokea kwa vigelegele. Mgeni alikaa, akanywa maji, akaikagua nyumba kwa macho mpaka kitandani. Ambilikile alipoingia alimkuta mkewe akimpikia mgeni huyo jogoo aliyekuja naye, akionja chumvi mara mbili ili mboga isimwaibishe mama mkwe. Ambilikile alisalimia, akala, akashukuru, "Ndaga fijo." Jioni ile hakuchukua kafi lake. Alimtumia Mika habari kwamba mguu unamuuma.

Basi mguu ukauma giza lote la Desemba. Damu ya Tulinagwe ikarudi siku yake ileile, haikosei kama karani wa kodi. Giza la Januari mguu ukauma tena, ila Ambilikile, ambaye uongo haukuwa kazi yake, mwezi huo alichechemea mguu mwingine. Ufuko mzima uliona. Damu ikarudi tena. Siku hiyo alimkuta mkewe ameinamia mtungi, mwiba mkononi, hawezi kuchora ule mstari. Akamchukulia mwiba, akauchora yeye, umepinda.

Huku ziwani mambo yaliharibika. Mtumbwi ulitaka watu wanne, na Ambilikile ndiye aliyejua wavu ushushwe wapi. Usipa walipungua, na Mika akanuna. Sasa, watu wa pale waliamini tangu zamani kwamba ndugu akifungia kinyongo moyoni, kinyongo hicho hufunga matumbo ya wanawake na hufukuza samaki. Dawa yake ni kukitoa kwa mdomo mbele ya watu, kisha kupuliza maji chini. Hezroni, mkubwa wa wavuvi na mzee wa kanisa vilevile, akawaita wote uani kwa Neli Jumamosi moja asubuhi, na kibuyu cha maji kikawekwa katikati.

Mika alianza. "Ndugu yangu hana mguu. Tumemchosha. Anataka tufe njaa ili yeye aanze wavu wake. Hicho ndicho kilichomo moyoni mwangu, nimekitoa."

Watu wakamgeukia Ambilikile. Tulinagwe alikuwa upande wa wanawake, macho chini. Alijua mumewe akitaja mguu tena, basi yeye amekwisha. Na akisema kweli, ataaibika mbele ya mama yake na ya wanaume wenzake. Hakuweza kumchagulia.

Ambilikile alisimama, sawasawa, kwa miguu yote miwili.

"Mguu wangu ni mzima," alisema. "Nabaki kwa mke wangu. Siku zake za kushika mimba zinaangukia kwenye giza. Mkunga ameziona. Miaka mitano siku hizo mimi niko bandani na nyie, halafu yeye ndiye anayeitwa tasa. Kama kuna kosa, nusu yake nimelala nayo bandani. Na mke mwingine sioi. Nimemaliza."

Hakuna mwanamume wa pale aliyewahi kusema jambo la namna hiyo juani, mama yake akisikia. Hezroni alikohoa, akakohoa tena. Tulinagwe alihisi masikio yake yanawaka kwa aibu, na chini ya aibu hiyo kulikuwa na furaha kubwa mno hata akaogopa itaonekana usoni.

"Ungesema," Mika alisema.

"Ningesemaje?"

Mika alifikiri, akaona kweli, asingeweza kusema. Akakinyanyua kibuyu, akajaza maji mdomoni, akayapuliza chini. "Tutamchukua yule kijana Andrea akae mahali pako," alisema akijifuta kidevu. "Wewe uguza mguu." Hapo ndipo watu wakacheka, na Ambilikile naye akapuliza maji yake.

Neli hakucheka. Alisimama, akakung'uta kanga yake. "Mpunga bado haujavunwa," alisema, akaingia jikoni.

Giza la Februari Ambilikile alibaki nyumbani bila kuchechemea. Kisha mwezi ukaandama, ukajaa, na mbalamwezi ikapita. Tulinagwe alichora nukta ya siku ya ishirini na nane tangu damu ya mwisho, ya thelathini, ya thelathini na tano. Hakumwambia mtu. Alitembea polepole, akawa anauangalia mtungi kila mara alipoingia, na mvua za Machi zilipoanza kupiga paa aliufunika kwa ungo.

Siku ya arobaini, jua likiwa bado juu, Ambilikile alikuwa amekaa kizingitini akichonga mpini wa jembe. Giza lilikuwa linaanza, na kwenda ziwani hakukuwa tena jambo la kuzungumziwa. Tulinagwe alilitoa kafi la mumewe nyuma ya mlango, akalifuta utando wa buibui, akamwekea mapajani.

"Nenda kavue."

"Giza linaanza leo," alisema Ambilikile.

"Najua."

Alimtazama. Kisha akaingia ndani, akaondoa ungo, akachuchumaa mbele ya mtungi, akahesabu kwa kidole, midomo ikicheza. Akapotea, akaanza upya. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, na hakujaribu kuyaficha. Akaweka kafi begani, akashuka ufukweni.

Tulinagwe alichukua mtungi wa maji akamfuata kwa mbali, kama mwanamke yeyote anayekwenda kuteka. Wanaume walikuwa wanausukuma mtumbwi. Mika aliliona lile kafi kwanza. Akaacha kusukuma. Hezroni akavua kofia. Hakuna aliyeuliza mguu, na hakuna aliyetania. Andrea alishuka mahali alipokuwa amekaa, akaingia majini mpaka magotini, akaushika mtumbwi ili Ambilikile apande.

Neli alikuwa pembeni akianua usipa aliowaanika mchangani. Alimwona mwanawe akipanda, akauangalia mtumbwi mpaka ulipopita mawe. Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya usipa.

Tulinagwe aliinama, akajaza mtungi, akajitwika, akaanza kupanda njia ya nyumbani. Alisikia hatua nyuma yake. Mtungi ukainuliwa kichwani pake. Alipogeuka, Neli alikuwa amekwisha kujitwika yeye mwenyewe, bila ngata, maji yakimwagikia shingoni.

"Tangulia," Neli alisema. "Na uyaangalie hayo mawe, mwanangu, usije ukajikwaa."