Fantasi na Ndizi za Mama Mkwe

Mimi si mtu wa kutoka. Nilitoka Ogembo siku niliyoolewa huku Ikonge, nikaona hiyo ni safari ya kutosha kwa maisha ya mtu mmoja. Majirani wakienda sokoni, mimi huwaagiza chumvi. Wakienda harusini, huwaomba waje kunisimulia keki. Kwa hivyo usishangae nikikuambia kwamba mpira niliujua nikiwa kwenye kochi, na kwamba niliingia humo kwa kazi ya upolisi.

Aliyepaswa kulindwa ni mume wangu. Alikuwa mtu wa kubeti, na si kubeti kwa mzaha. Alikuwa akiamka anaangalia simu kabla hajaniangalia mimi, na wakati huo nilikuwa bado naangalika. Mtamba wetu alipouzwa ili abeti na tusione hata sukari ya hiyo pesa, kanisa lilimwondoa kwenye orodha ya washiriki. Hakubisha. Aliacha kubeti, akafuta kila kitu kwenye simu, akaanza upya darasa la ubatizo, magoti yakimgonga kidevu kwenye viti vya watoto.

Kubeti kuliisha, lakini mpira haukumtoka. Ndipo rafiki yake, Mwislamu anayeuza mitumba soko la Daraja Mbili mjini Kisii, akamletea fantasi. Unapewa pesa za uongo, unanunua wachezaji wa kweli wa huko Ulaya, wakifunga unapata pointi. Mwisho wa msimu mwenye pointi nyingi anajisifu, basi.

"Shemeji, hapa hakuna kamari," rafiki huyo aliniambia siku alipokuja kutusalimia. "Kwetu kamari ni haramu. Ningeibeba kutoka Kisii mpaka kwako?"

Sikumwamini. Kwa hesabu zangu, simu ukijumlisha na mpira ukijumlisha na mume wangu, jibu lilikuwa mtamba. Nikajiunga na kundi lao ili nimchunge. Majuma machache yakapita, na polisi mwenyewe ndiye akawa anaunguza ugali kwa sababu ya beki wa kushoto.

Tulikuwa na shida moja ambayo wenzetu wa kundini hawakuwa nayo. Sisi ni Wasabato. Jua la Ijumaa likielekea kuzama, simu inaingia kabatini pamoja na mambo mengine ya dunia. Sasa habari za nani ameumia na nani ana homa hutoka Jumamosi, saa ambayo sisi tuko kwenye somo. Wengine wanabadilisha timu zao. Zetu zimeshalala. Jua likizama tena tunatoa simu, tunakuta nahodha wangu, ambaye pointi zake huhesabiwa mara mbili, alishinda benchini amevaa koti, anatafuna chingamu.

"Ningejua!" mume wangu alizoea kulia, kwa maana nahodha wake huwa ndiye wangu, hunionea wivu akaniiga.

"Ungejua ungekuwa mwenye dhambi. Na bado ungekuwa nyuma yangu."

Hivyo ndivyo tulivyoishi, tukichekana, hadi mtu mmoja kundini alipotoa wazo. Msimu ukiisha, kila mmoja alete mkungu wa ndizi, na mshindi abebe yote. Mume wangu alikubali kabla ya kuniuliza mimi, na kabla ya kumuuliza mwenye migomba, ambaye ni mama yake. Mimi niliyekuwa naongoza nilishaanza kupima kwa macho mahali pa kuipanga hiyo mikungu.

Muuza mitumba peke yake ndiye aliyekataa. Aliandika: "Mkungu ukiingia, mimi natoka. Kila mtu aweke, mmoja abebe? Hiyo ni kamari yenye maganda."

Watu wakacheka. Mume wangu akaenda kwa mama kuomba ule mkungu mkubwa wa karibu na choo.

"Wa nini?" mama akauliza.

"Wa kuweka kwenye fantasi. Nikishinda utarudi na wenzake."

Maneno hayo mama alishawahi kuyasikia, enzi za mtamba. Hakuuliza zaidi. Alifunga kitambaa kichwani, akaenda moja kwa moja kwa mzee wa kanisa. Na sijakuambia kwamba Sabato iliyofuata ndiyo kanisa lingepiga kura kama mume wangu abatizwe na kurudishwa, au angoje mwaka mwingine kwenye vile viti.

Mzee alikuja Ijumaa mchana, mama nyuma yake. Kabla ya kustaafu alikuwa karani wa korti, na ukarani haujamtoka. Alikaa, akasogeza kikombe cha chai kando.

"Chai baada ya kesi," akasema. "Nina maswali matatu. Mnaweka nini? Mnapata nini? Na kinachoamua mshindi ni nini?"

Nilidakia la mwisho, maana ndilo nililoliweza, nikamwita kwa heshima kama sisi Wagusii tunavyowaita wazee. "Ni akili, omogaka. Mtu anasoma ratiba, anajua nani anacheza nyumbani, nani amechoka..."

"Kama ni akili," mama akasema, "mbona nahodha wako alikaa benchi Jumamosi?"

Nyumba ya mama inapakana na yetu. Sikujua kuta zetu ni nyembamba kiasi hicho.

"Akili ipo, na bahati ipo," mzee akasema. "Huko mijini mawakili wanabishana ipi ni nyingi, na sheria yenyewe sijui kama imemaliza kuamua michezo ya namna hii iiite jina gani. Mimi nimestaafu, siwezi kuwangoja. Narudi kwenye la kwanza. Mnaweka nini?"

Nilikuwa na jibu tayari: hatuweki kitu. Na lilikuwa karibu kweli, kwani hakuna mkungu uliokuwa umekatwa. Nikavuta pumzi niliseme. Mume wangu akaniwahi.

"Ndizi, omogaka. Kila mtu mkungu, mmoja anabeba." Akaangalia sakafu. "Na nilizitaka. Tangu zitajwe, nimeanza tena kuamka usingizini nishike simu. Mpira wa bure haukunifanya hivyo."

Mimi polisi, ninayelala naye kitanda kimoja, hilo sikuwa nimeliona. Nilikuwa na shughuli ya kuongoza ligi.

"Basi hiyo ni kamari," mzee akasema polepole. "Hata zikiwa mbichi."

"Na zikitolewa?" nikauliza. Sauti yangu ilitoka ndogo.

"Pasipo mtu aliyeweka, wala atakayebeba, mimi naona mchezo tu. Lakini siulizi kuhusu mchezo, namuuliza huyu." Akamgeukia mume wangu. "Bila ndizi utaucheza?"

Mume wangu alinigeukia kwanza.

"Nitaucheza," akasema. "Huyu mwanamke ananiongoza. Nikiacha leo, nitazeeka nikisikia habari hiyo."

Mama ndiye aliyeanza kucheka, akijaribu kuficha kwa kitambaa. Mzee akavuta kikombe chake. Jua lilikuwa limeshainama, kwa hivyo mume wangu alichukua simu haraka, akaandikia kundi kwamba ndizi zibaki migombani, na asiyetaka hivyo amtoe yeye kundini. Muuza mitumba akajibu papo hapo: "Alhamdulillahi. Nilikuwa nimeshafungasha."

"Mimi nina kura moja tu," mzee alituambia akiondoka. "Kanisani kuna watu. Wengi wao simu na kamari kwao ni kitu kimoja."

Kauli hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi usiku ule.

Kura yenyewe ilikuja baada ya mahubiri. Mzee alisoma jina la mume wangu, akauliza kama kuna mwenye neno. Baba mmoja wa viti vya nyuma akasimama.

"Nasikia amerudi kwenye simu."

Mume wangu aliinuka kabla hajaitwa. Alisema yote: pointi, mkungu wa karibu na choo, jinsi alivyoutamani, jinsi alivyouacha. Alisema pia kwamba mkewe anamshinda, jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza. Watu waliguna, halafu wakacheka, na yule baba wa nyuma akakaa akitikisa kichwa. Sikuweza kujua anakitikisa upande gani.

"Wanaokubali, inueni mikono."

Mama aliinua miwili. Karani wa kanisa akamwambia mmoja unatosha. Akajibu kwamba wa pili ni wa marehemu baba yake kijana. Mimi nilikuwa nimejigeuza kwenye benchi, naangalia nyuma mikono ikipanda safu kwa safu. Ule wa yule baba ulichelewa, ukapanda nusu, kisha ukanyooka.

"Dada wa hapo mbele," mzee akaita. "Wewe unapinga?"

Kanisa zima likaniangalia, mume wangu akiwa wa kwanza. Nikashtuka, nikaona mikono yangu yote imelala mapajani. Nikainua mmoja juu kabisa, na wengine waliposhusha, mimi niliuacha huko huko.