Tochi ya Baba na Fanusi ya Maskati

Baba yangu alifungwa miezi mitatu kwa wizi ambao hakimu mwenyewe alikuwa keshamwachia. Nasema hivi hivi, sipunguzi, maana hasira yake nnayo mpaka leo.

Tulikuwa hatujatimiza mwaka Maskati tangu tutoke Unguja. Sheria ya mji ilikuwa hivi: mzinga wa usiku ukishalia, atakayetoka nje achukue fanusi ya mafuta, uso wake uonekane. Baba, Mzanzibari wa watu, akatoka na tochi. Alidhani taa ni taa. Kumbe tochi unaweza kuizima ukajificha, kwa hiyo haihesabiwi. Walinzi wakamkamata akirudi nyumbani kutoka kwa rafiki yake, na usiku huohuo duka la vitambaa lilikuwa limevunjwa.

Asubuhi akasomewa makosa mawili, wizi na taa. Mama, mimba ya miezi minane, alikaa nami kwenye mkeka mlangoni kwa hakimu, tukisikia kila neno. Mwenye duka hakuwa na shahidi. Baba akaapa kwa Msahafu.

"Wizi nimekuachia," hakimu akasema.

"Alhamdulillahi," mama akaninong'oneza. "Ya taa ni siku mbili tu. Atawahi kumwadhinia mtoto."

Kweli, mji mzima ulijua taa ni siku mbili. Na mama hakutaka kingine ila mtoto azaliwe, baba amwadhinie sikioni.

"Kwa taa," hakimu akaendelea, "miezi mitatu. Maana duka limevunjwa, nawe ulikuwa nje."

Loo! Si ndio wizi aliomwachia sasa hivi? Mama akainuka na tumbo lake. "Shekhe, si umesema hakuiba?"

Hakimu hakuwa mtu mbaya, nilimwona akiinamisha macho. "Sikusema hakuiba, mwanangu," akajibu kwa upole. "Nimesema haikuthibiti."

Mtoto akazaliwa, akaadhiniwa na jirani. Baba aliporudi kakonda, vifundo vya miguu vina alama za pingu, mtoto akamlilia kama mgeni. Akamwadhinia hivyo hivyo, sauti ya chini, mtoto anapiga mateke. Mama akenda uani kulia.

Wiki ileile nikavunja kikombe cha kahawa. Siku chache nyuma halua ilikuwa imepotea kabatini, nikaapa si mimi, mama akaniacha. Sasa kashika mwiko: "Huu wa kikombe! Na huu wa halua!"

Ule wa pili haukufika. Baba alimshika mkono.

"Mke wangu, wa kikombe ushampiga. Halua ulishamwachia."

Mama akauweka mwiko chini. Baba hakuniuliza kama niliila, si siku ile wala mpaka anakufa. Na niliila, Mungu anisamehe, niliila yote.