Mama Eriki Alinikatalia Kufa

Msinipigie makofi kwanza. Wengi wanaosimama hapa kutoa ushuhuda humalizia kwa kicheko, mimi sijafika huko. Nitasema yaliyonipata, mwenye kuokota kitu aokote.

Naitwa Ramadhani, kwetu Singida. Nilikuwa dereva wa semitrela, Dar kwenda Kigali, Kigali kurudi Dar. Kazi hiyo niliipenda kuliko ndoa yangu, ndiyo maana ndoa yenyewe ilinishinda. Pale mpakani Rusumo mama ntilie walinijua kwa sauti kabla hawajaniona sura. Maneno nilikuwa nayo, jamani.

Siku ile nilibeba mchele. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Niko kwenye mteremko mrefu, nyumba za Kigali nimeshaanza kuziona mlimani, nikasikia harufu ya breki zinaungua. Nikakanyaga. Hola! Nikakanyaga tena, lori ndiyo kwanza linaongeza mwendo. Mbele kulikuwa na wanawake wanatoka sokoni, mabeseni kichwani. Nikapiga honi, nikapiga kelele, nikaukata usukani kuelekea ukingo wa mlima. Lori likalala.

Sikuzimia, na hilo ndilo baya. Niliuona mguu wangu wa kulia umebanwa chini ya usukani, mfupa umechomoza nje, mweupe. Watu walikuja na nondo, wengine mikono mitupu, wakanitoa. Wale wanawake wa mabeseni wakavua vitenge vyao wakanifunga damu isitoke, nikakimbizwa hospitali Kigali.

Sasa, hospitali za huku Rwanda nesi anakuchoma sindano, anabadilisha bandeji. Kukuogesha, kukulisha, kukushikia chombo cha haja, hiyo ni kazi ya ndugu yako. Wanamwita murwaza, na analala kwenye mkeka kando ya kitanda chako. Nesi akaniuliza, "Murwaza wako yuko wapi?" Nikamwambia anakuja. Nikampigia kaka yangu Singida. "Vumilia mdogo wangu, tunajipanga," akasema. Wanajipanga mpaka leo. Tajiri wangu mwenye lori naye alimtuma mtu. Akaniuliza habari za mzigo, akaondoka.

Kulala kwenye kinyesi chako, mtu mzima, wodi nzima inasikia harufu, mimi sina maneno yake. Mgongo ukachubuka, ukatoa vidonda. Mguu ukaanza kuoza, nikawa nausikia kwa pua. Nikaacha kula.

Kitanda cha jirani alilala kijana Eriki, fundi ujenzi aliyeanguka kutoka ghorofani. Murwaza wake alikuwa mama yake, mjane wa Ndera, pembeni mwa Kigali. Siku moja alimaliza kumuogesha mwanawe, akamwaga maji, akaleta mengine, akaja kwangu.

"Geuka."

"Mama, niache. Ni aibu."

"Aibu iko wapi? Mimi nimezaa. Geuka!"

Basi akawa anatuogesha wote wawili, na uji wa mtama anagawa vikombe viwili. Eriki alikuwa akinitania, "Mutanzania, leo umekunywa mingi kuliko mimi." Sauti yenyewe ya kujikamua, lakini utani hakuuacha.

Daktari akaja. "Muguu lazima tukate," akasema. "Tukichelewa, sumu itaingia kwenye damu, utakufa." Nikakataa kusaini. Dereva asiye na mguu wa kulia ni nani? Nikamwambia, acha nife nao. Na nilimaanisha.

Kesho yake mchana Eriki akashindwa kupumua. Wakamkimbilia, wakahangaika naye, mwisho wakamfunika shuka. Mama yake hakulia. Alikunja mkeka, akachukua beseni lake, akatoka. Nikageukia ukutani nikasema, haya, sasa na mimi hakuna wa kunizuia.

Baada ya mazishi alirudi. Nikafikiri kasahau kitu. Akasimama juu yangu, akaniuliza kama nimekatwa. Nikasema sitaki. Hapo ndipo alipolia, tena kwa kelele.

"Mutoto wangu alikuwa anataka kupona! Kila asubuhi ananiuliza, mama, nitarudi kazini lini? Wewe iko na nafasi, unaitupa? Basi nipe mimi, nimupelekee!"

Akanipiga begani. Nesi akaja kumtoa. Nikasema, "Mwacheni. Niitieni daktari."

Msidhani nilisaini kwa ujasiri. Nilishindwa tu kumtazama usoni. Walikata juu ya goti. Nilipozinduka, kidole gumba ambacho hakipo kilikuwa kinaniuma, nikalia kama mtoto mchanga. Yeye ameketi mkekani anakoroga uji, macho yamevimba.

Siku ya kuruhusiwa sikuwa na pa kwenda. Mama Eriki akaniambia, "Chumba cha Eriki kiko. Lakini nguo zake usiguse."

Ndiko ninakoishi, Ndera, nashona viatu barazani. Nguo ziko ukutani kwenye misumari, sijazigusa. Kidonda kimefunga, moyo bado. Nikisikia lori linateremka huwa najifungia ndani. Kuna asubuhi naamka na swali moja tu: kwa nini nimebaki mimi niliyekataa, akaondoka yule aliyetaka? Najua na yeye anajiuliza hivyo hivyo. Namsikia analia jikoni, halafu ananiita nikale.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru wale wanawake wa vitenge, sikuwahi hata kuyajua majina yao. Nawashukuru madaktari. Huyu mama simwambii asante, hataki kuisikia. Namchotea maji kadiri magongo yanavyoniruhusu.

Na wewe uliyelala huko wodini huna mtu, umegeukia ukuta, nakuomba kitu kimoja. Akija mtu usiyemjua na kikombe cha uji, kunywa. Usimuulize kwa nini analia.