Shimo la Kusimamia

Mara ya kwanza binti yangu aliposimama bila kushikwa na mtu, alikuwa amefukiwa mchangani hadi mapajani, na gamba la chaza lilikuwa limezama katika unyayo wake wa kushoto. Alikuwa anacheka.

Alizaliwa na mgongo wazi. Alifanyiwa upasuaji Dar es Salaam akiwa bado mchanga, jeraha likapona vizuri, tukarudi nyumbani Mitwero. Miguu ikabaki milegevu. Alipoanza kukaa mwenyewe, tukaanza kwenda hospitali mjini Lindi, kwenye chumba chenye mkeka wa plastiki na kioo kirefu ukutani. Mtaalamu wa mazoezi alinifundisha kumkunja magoti, kumnyoosha, na kumfunga kwa mkanda kwenye fremu ya mbao ili asimame na kuzoea urefu wake. Alisema mafundi wa vyuma vya miguu huja hospitalini hapo mara chache, kutoka nje ya mkoa, na kwamba safari itakayofuata binti yangu atapimwa. Akivaa vyuma atasimama. Akisimama, tutaanza kuzungumzia shule.

Tukiwasubiri mafundi, nilikwenda naye Mchinga kwa mama mkwe wangu. Mama mkwe aliyashika mazoezi yote kwa siku moja, akayafanya kwa utulivu kuliko mimi. Kisha akaongeza la kwao. Pale, mtoto aliyechelewa kutembea hupelekwa ufukweni maji yakipwa, akachimbiwa shimo kwenye mchanga mbichi, akasimamishwa ndani na kufukiwa. Mchanga unamshika huku na huku. Watoto wengi wa pale wamesimamishwa hivyo, baba yake binti yangu akiwa mmoja wao. Nililitazama shimo, nikaikumbuka fremu ya hospitali. Sikuona tofauti.

Mama mkwe alimsimamisha, akamshindilia mchanga kwa viganja, akarudi nyuma kumwangalia.

“Simama wima, mke mwenzangu,” alimwambia. “Bwana wetu hapendi wanawake waliopinda.”

“Bwana wetu mzee,” binti yangu akajibu. “Hana meno.”

Wanawake waliokuwa wakichokoa kombe na chaza mchangani karibu yetu walicheka. Mmoja alisema mtoto huyu ana roho ngumu, wengine wote hulia wakitiwa shimoni. Mama mkwe alisema ndivyo alivyo, hata sindano halii. Ni kweli. Sindano zote za mapajani alizichomwa akimtazama muuguzi usoni, na sisi tulikuwa tunamsifu.

Tulipomfukua, maji yaliyojaa shimoni yalikuwa na wekundu. Mama mkwe alimlaza kwenye kanga, akalitoa gamba, akafunga unyayo kwa ncha ya mtandio wake. Kisha akaushika mguu wa pili, ule usio na jeraha, akaubana kwa kucha pale kwenye kisigino, akabana na kifundo, akapanda polepole. Binti yangu aliinua kichwa kumwangalia.

“Bibi, unatafuta nini?”

Mama mkwe aliendelea kubana hadi alipopita goti na kufika juu kabisa ya paja. Hapo mtoto akavuta pumzi na kumpiga mkono.

Hospitalini mtaalamu hakutulaumu. Alichukua pamba, akamwambia mtoto afumbe macho, akampitishia miguuni, akatuonyesha mpaka wa ganzi ulipo. Alisema ni jambo la kawaida kwa watoto wa mgongo wazi, na kwamba alidhani tuliambiwa. Huenda tuliambiwa. Siku za Dar es Salaam tuliambiwa mengi, na tulilokuwa tukisubiri kusikia ni kama ataishi.

Mafundi walifika kidonda kikiwa bado kibichi. Fundi aliyekuja kumpima alikuwa na mikono myeupe ya chokaa. Aliugeuza mguu wa kushoto, akaurudisha mkekani taratibu.

“Mama, ngozi ikiwa wazi siwezi kufunga plasta ya kupimia juu yake,” alisema. “Na chuma chenyewe kitamla, naye hatakwambia.”

Niliuliza kama wanaweza kusubiri. Alisema wanaondoka kesho yake. Aliuliza kama nataka apime wa kulia walau, nikasema apime.

Chuma cha kulia kililetwa baadaye na gari la hospitali. Ni kizuri, kina kiatu cha ngozi nyeusi na mikanda miwili. Mguu mmoja haumsimamishi mtu.

Mama mkwe alihamia kwetu kumsafisha kidonda. Kila asubuhi anachemsha maji, anayapoza, anaosha, anafunga upya kama alivyoelekezwa. Siku moja aliniuliza, akiwa ameinama, kama ni shimo lake lililofanya haya yote. Nilimwambia miguu alizaliwa nayo hivyo. Alisema hakuuliza habari ya miguu. Nilikwenda kuanika nguo.

Kidonda kinafunga juu kisha kinafunguka. Hospitalini wanasema vidonda vya namna hii huchelewa, kwa sababu mtoto anatambaa na kukiburuta bila kujua. Tunamvalisha soksi nene. Mafundi watarudi, tarehe haijatoka.

Wiki iliyopita mtaalamu alimjaribisha kile chuma cha kulia. Alibonyeza ncha ya kiatu kwa kidole gumba, akabonyeza tena. Vidole vimefika mwisho. Unyayo wa kushoto bado una uwazi wa punje ya mtama.